Vunja kwa Adabu: Mwongozo wa Mozaiki kwa Mkazi wa Bonga

Kabla hujanunua gundi wala mwiko, jifunze kutoa pole. Mozaiki huanzia kwenye hasara ya mtu mwingine: sahani imemponyoka mama wa watu karoni, boksi la marumaru limedondoka kutoka kwenye Kirikuu, kioo cha kabati kimekutana na mpira wa watoto. Fundi wa kweli wa mozaiki utamjua kwa kuwahi. Ufagio haujashikwa, yeye yuko mlangoni, kofia mkononi. "Pole sana, mama. Sasa hivyo vipande unavitupa wapi?" Asiye na ujasiri wa kuuliza swali hilo mbele ya mwanamke aliyevunja sahani aliyotunzwa siku ya harusi yake, kazi hii haimfai. Aende akajifunze kuchora.

Bonga tumebarikiwa kwa upande wa malighafi, ingawa tumechelewa kujua. Tuko kilomita kama 19 kutoka Babati mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Kondoa na Dodoma. Barabara hiyo, yenye kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, ilizinduliwa kwa lami mwaka 2018. Lori la marumaru sasa linapita bila kutikisika, jambo ambalo ni neema kwa wajenzi na msiba kwetu sisi. Zamani makorongo yangetuvunjia robo ya mzigo bila malipo. Sasa inabidi tusubiri makosa ya binadamu.

Bahati nzuri binadamu hajatuangusha. Anayejenga siku hizi, hata kama kuta za nje bado ni tofali la kuchoma lisiloonja lipu, sebuleni lazima atandike marumaru za sitini kwa sitini, zinazong'aa mpaka mgeni anavua viatu bila kuambiwa. Hebu tupige hesabu. Chumba cha futi 10 kina sentimita 305. Marumaru 5 za sentimita 60 zinakula 300. Inabaki kamba ya sentimita 5 kando ya ukuta, na kwa ajili ya kamba hiyo fundi anaziweka marumaru nzima nzima kwenye mashine, anachukua vijipande vyake, na vilivyobaki vinakwenda nyuma ya nyumba. Geukia upande wa futi 12: sentimita 366, marumaru 6, inabaki kamba ya sentimita 6. Yale yale. Hakuna mtu Bonga aliyewahi kujenga chumba kwa kufuata kipimo cha marumaru. Tunajenga kwa futi tulizorithi, tunatandika kwa sentimita za kiwandani, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ghala lako.

Sasa kulifikia ghala lenyewe kunataka akili. Ukimwendea fundi ukamwambia unataka masalia kwa ajili ya sanaa, umekwisha. Dakika moja iliyopita zilikuwa taka zinazomkera. Ukishatamka neno sanaa zina bei, na bei hiyo itakaribia ya marumaru mpya. Pita tu, salimia, lalamika kuhusu mvua, kisha sema una dimbwi mbele ya geti unatafuta kifusi cha kuliziba. Hapo fundi atakubebesha mwenyewe, na saidia fundi atakusukumia toroli hadi kwako. Akikuuliza wiki ijayo mbona dimbwi bado lipo, mwambie kifusi hakikutosha, ungeshukuru kupata kingine.

Ukifika nyumbani, chambua. Geuza kila kipande uone mgongo wake, umwagie tone la maji. Tone likinywewa upesi, hicho ni kigae laini cha ukutani: kinakatika kwa urahisi na kinafaa kazi za ndani au ukuta ulio chini ya paa. Tone likibaki limesimama linakutazama, hiyo ni posileni. Itakuchosha kiganja, itakulia diski za grenda, lakini ukiipachika uani italowa masika na kukauka kiangazi miaka na miaka bila kubanduka uso. Tofauti hii ndogo ndiyo inayotenganisha mozaiki inayozeeka na mozaiki inayomomonyoka.

Kisha tenga kwa rangi, na hapa jiandae kwa huzuni. Wilaya nzima inapenda marumaru za rangi moja, ile ya chai iliyozidi maziwa. Utakuwa na malundo ya krimu, kahawia hafifu, kijivu na kijivu kingine. Nyeupe utaipata buchani, kwa kuwa bwana afya hataki kusikia habari ya bucha lisilo na marumaru ukutani. Nyekundu itoe kwenye vikombe na sahani za maua. Usidanganyike na vipande vya tofali la kuchoma, maana tofali hunywa maji ya gundi, hukauka kabla ya wakati, na baada ya msimu mmoja linaanza kujiachia unga. Kijani na kahawia iliyoiva viko kwenye chupa. Ila chupa za bia na soda usiziguse, zina kreti na kreti ina mwenyewe. Tafuta zile zisizorudishwa. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali mwaka 2017 ilidhani inalinda afya za vijana, kumbe ilikuwa inatuletea vichupa.

Tatizo ni bluu. Mkoa wetu wa Manyara ndio mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, jiwe la bluu inayoelekea zambarau, lililojulikana tangu mwaka 1967 pale Mererani, Simanjiro. Dunia nzima ikitaka bluu ile inakuja kwetu. Sisi wenyewe tukitaka bluu ya upana wa kiganja tunasubiri mtu abomoe bafu. Na machimbo yale yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018. Wengine wanauona ni ulinzi wa rasilimali. Mimi nauona kwa jicho la kazi: kilomita 24.5 za ukuta ulionyooka, na hakuna aliyefikiria kubandika hata kigae kimoja.

Kuhusu sahani, adui yako mkubwa ni melamini. Kila ninapoingia kwenye duka la vyombo nikaona zimepangwa, hazivunjiki, hazichubuki, zina maua mazuri ajabu, najua sanaa imepigwa ngumi. Sahani ya udongo ndiyo yetu. Ukiipata yenye ua katikati, usiitwange nyundo kwa hasira. Anza kuimega pembeni kwa koleo la kukatia vigae, kidogo kidogo kulizunguka ua, hadi ua libaki zima. Koleo hilo lina siri yake ambayo wauzaji hawaisemi: usilitie kipande kinywani chote. Mdomo wa koleo ushike ukingo tu, milimita chache, uelekee kule unakotaka ufa uende, kisha bana. Ufa utasafiri wenyewe. Ukilitia kipande hadi katikati, utapata unga.

Kwa wasio na koleo, nyundo inatosha, mradi vipande uvifunge kwenye kitenge kilichochoka na upige juu ya jiwe. Miwani vaa. Hapa sifanyi mzaha: kibanzi cha kioo hakichagui jicho la msanii wala la mtoto aliyekuja kuchungulia. Na ukikata kwa grenda, mwagia maji. Vumbi la marumaru halina kelele wala harufu, likiingia mapafuni halitoki, na kitambaa cha kujifunga puani ni cha kujifariji tu.

Watu wa pwani watakwambia sisi wa bara tunaiga. Waache waseme, wana haki. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya karne ya 18 yaliyopachikwa sahani na bakuli za China kwenye nguzo na kuta zake, na Kaole karibu na Bagamoyo kuna nguzo za makaburi zilizowahi kuvikwa hivyo hivyo. Chombo kililetwa na jahazi kutoka mbali, badala ya kuliwa wali kikabandikwa kwa chokaa juu ya marehemu ili kila apitaye ajue hapa amelala mtu. Utajiri mtupu. Lakini angalia makosa ya kiufundi: walipachika vyombo vizima. Leo sehemu nyingi za pwani utakuta matundu ya duara tu, bakuli zenyewe zimeng'olewa, nyingine na wezi, nyingine na watu wa makumbusho waliotaka kuwawahi wezi. Kanuni ya kuondoka nayo hapo ni kwamba kizima huibwa. Hakuna mwizi wa Kondoa wala Singida atakayekuja na patasi usiku kung'oa nusu ya kikombe.

Hata hivyo desturi haikufa, imehama tu. Pita makaburini kokote Babati uone: misalaba na makaburi ya zege yamevishwa marumaru, nyeupe kwa bluu, au ile ile ya sebuleni iliyobaki. Nyingi zimetoka viwanda vya Chalinze na Mkuranga, vilivyojengwa na wawekezaji wa Kichina. Kwa hiyo China imeendelea kukaa kwenye makaburi yetu karne hadi karne, ila siku hizi inapitia Chalinze.

Tukishakuwa na vipande, tunahitaji picha. Wageni wa kazi hii wote huanza na twiga. Tafadhali. Umbali mfupi tu kwenye barabara hii hii, ukipita Bereko, kuna Kolo na michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wawindaji wa kale walishamchora twiga pale, kwa mistari michache tu, na hawakuwa na penseli. Usijipeleke kwenye mashindano hayo. Sura ya mtu nayo usithubutu: ya kiongozi ni kesi, ya mchumba ni kesi, ya mama yako ni kilio.

Mimi nakushauri kiboko. Nina sababu za kisanii na sababu za umaskini. Ziwa Babati lina viboko, kila mtu hapa anawafahamu, na kwa hiyo hakuna atakayeuliza ni mnyama gani. Kiboko ni wa kijivu, na kijivu ndiyo rangi uliyonayo malundo mawili. Akiwa majini huonekana masikio, macho na pua. Kazi yote iliyobaki ni maji. Na maji ya ziwa, mvua zikishakolea na udongo ukaingia, wala hayana bluu yoyote. Yana rangi ya chai iliyozidi maziwa. Unaona sasa kwamba wajenzi wote wa wilaya, kwa miaka yote hii, walikuwa wanakukusanyia ziwa bila kujua.

Anza na jicho. Jicho likikataa, hata ubandike ziwa zima kwa ustadi, utakuwa na jiwe lenye masikio. Tumia kipande cheusi kutoka kaunta ya granaiti ya mtu, na pembeni yake kijipunje cha kioo cha kujitazamia ili kiwe kinawaka jua likipiga. Mgongo wa kioo hicho upake kwanza varnishi, kwa sababu unyevu na saruji hula ile rangi ya fedha ya nyuma, na kiboko wako baada ya mwaka ataota mtoto wa jicho.

Ukimaliza jicho, zungushia kichwa mstari mmoja wa vipande vinavyolingana ukubwa, vikifuata umbo. Kisha mstari wa pili nje yake, na wa tatu, ukizidi kupanuka, mpaka mawimbi yenyewe yajitokeze. Hapa ndipo mozaiki inapoachana na sakafu ya vipande vya kubahatisha, ile ya varanda za baa, ambako kila kipande kimetupwa kinakotaka kama abiria wa Noah siku ya mnada. Warumi walijua hili, mafundi wa makanisa ya Ravenna kule Italia walijua, na mwenye jicho anaweza kuligundua mwenyewe kwa kutazama matofali ya kuzungushia bustani: jicho la mtazamaji hufuata mstari wa viungo kabla halijaona rangi. Ukipanga viungo vikazunguka, kiboko anaelea. Ukivipanga kwa mistari ya sakafu, kiboko ameegeshwa.

Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kipande na kipande. Watu wenye haraka hubananisha, wakidhani ndiyo ufundi. Grauti, yaani saruji ya kujazia viungo, ikikosa pa kuingia, maji ndiyo yataingia.

Kuna njia mbili za kubandika, na Bonga nzima imegawanyika hapo, angalau ingegawanyika kama kungekuwa na watu wawili wanaofanya kazi hii. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: gundi ukutani, kigae juu ya gundi, unaona unachofanya. Ni nzuri kwa kuta. Kwa sakafu ni hatari, kwa sababu kikombe ni chembamba, marumaru ni nene, chupa ina mgongo wa kupinda, na ukimaliza utakuwa umejenga uwanja wa kuchania nyayo.

Njia ya pili ni ya kinyume. Chukua mfuko mtupu wa saruji, ule wa karatasi ya kaki. Uchanue, ukung'ute, uchukue karatasi ya ndani isiyo na maandishi. Chora kiboko wako hapo. Pika gundi ya unga wa ngano, nyepesi, na ubandike vigae juu ya mchoro huku vimelala kifudifudi, uso mzuri chini. Vikauke. Kisha tandaza gundi ya marumaru kwenye sakafu, geuza karatasi yote, ibonyeze kwa ubao ulionyooka huku ukipiga pimamaji, na kesho yake lowesha karatasi kwa maji ya uvuguvugu, ivue taratibu. Uso wote utakuwa sawa, kwa kuwa unene umeishia chini ndani ya gundi. Tatizo lake ni kwamba hadi siku hiyo hukuwa unaona kazi, ulikuwa unaona migongo. Tena kila kitu hugeuka: kiboko aliyetazama Babati sasa anatazama Kondoa. Kwa mnyama si neno. Kwa maandishi ni aibu ya kudumu. Ukitaka kuandika KARIBU BONGA, andika karatasini kinyumenyume, umwite mtoto wa darasa la tatu aisome kwenye kioo kabla hujabandika. Usijiamini. Herufi N imewaangusha wakubwa.

Wapo wanaobandika kwanza kwenye wavu, kisha wanaubeba wavu hadi ukutani. Wavu wa nyuzi za kioo, ule wa mafundi wa jipsamu na lipu, unafaa. Chandarua cha kliniki hakifai. Kimeshatumika kufugia vifaranga, kuzungushia mchicha na kuvulia dagaa. Kipumzisheni, kikazuie mbu.

Ukuta utakaoubandika uwe na lipu ya saruji iliyokauka na kuchubuliwa kidogo kwa patasi ili gundi ishike. Tofali bichi halifai: gundi itashika vizuri sana, na siku tope litakapoamua kuondoka litaondoka na kiboko mgongoni. Ubao wa playwudi ni wa ndani tu. Nje hunyonya mvua, huvimba, hujikunja, na vigae huruka kimoja kimoja usiku vikigonga bati la jirani. Gundi nyeupe ya seremala nayo ni ya ndani. Ikilowa inarudi kuwa maziwa. Nje ni gundi ya saruji, ile ya mfuko inayouzwa kwa marumaru, uikoroge iwe nzito kiasi cha kusimamisha mwiko. Paka eneo utakaloweza kulijaza ndani ya dakika 15. Jua letu na upepo wa mlima Kwaraa havina mchezo: gundi hufanya utando juu ungali unatafuta kipande cha pua. Iguse kwa kidole. Kama haiachi alama kidoleni, ikwangue, paka nyingine. Kubandika juu ya gundi iliyolala ni kuipa mvua kazi.

Kama unabandika chupa au kioo kinachopenya mwanga, tumia gundi nyeupe ya saruji. Gundi ya kijivu itaonekana nyuma ya kioo na kijani yako yote uliyoihangaikia itageuka bwawa.

Ngoja saa 24. Ndiyo, najua, umeshawaita watu waje kuona.

Kisha grauti. Unaweza kununua ya pakiti, au kuchekecha mchanga laini, sehemu 3 kwa saruji sehemu 1, na kuchanganya na oksaidi ile ile inayotumika kwenye sakafu nyekundu za shule. Rangi ya grauti ndiyo inayoamua picha, na wengi huichagua mwishoni kwa kuuliza dukani kuna nini. Nyeupe hufifisha vigae vyote na kukufanya uone nyufa kabla ya kiboko. Ya kijivu kizito huwasha rangi. Isitoshe, hapa Bonga nyeupe ni ndoto: kwa udongo huu mwekundu na watoto hawa, grauti nyeupe itakuwa ya kahawia kabla ya mahindi kubeba. Afadhali uichague kahawia mwenyewe, ionekane ulikusudia.

Ipake kwa kukandamiza, kwa kipande cha ndala chakavu kama huna mwiko wa mpira, kila upande, hadi viungo vishibe. Ukuta wote utageuka tope na moyo utakudunda: kazi yote imezama. Tulia. Subiri kama dakika 20, ianze kushika, kisha futa kwa sponji yenye unyevu mdogo, kwa mzunguko, ukiisuuza kila mara. Ukiwahi mno unachimba viungo. Ukichelewa utahitaji msasa, na msasa haujui kutofautisha grauti na ua la sahani ya mama wa watu. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 3, maana saruji hukomaa kwa maji, haikomai kwa kuanikwa. Ukungu mweupe ukibaki juu, siki iliyochanganywa na maji mengi huuondoa, na usioshe kwa siki kila wiki, itakula grauti.

Sasa ondoa magunia na ujiandae kwa hatua ngumu kuliko zote, ambayo vitabu vya ufundi huiruka: wapita njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Naona marumaru zilikuishia."

"Hapana, mzee, ndivyo inavyotengenezwa."

"Pole. Usikate tamaa. Ukivuna mwaka huu utamalizia nyumba vizuri."

Usibishane. Mzee ameona ukuta wa vipande, na katika maisha yake yote vipande vilikuwa dalili ya pesa kukatikia njiani. Nyumba ngapi unazijua ambazo sebule ina marumaru nzima, korido ina za aina nyingine, na choo kina masalia ya aina zote mbili? Ukuta wako kwa macho yake ni choo kilichopanda cheo. Jirani mwingine atauliza ulipata wapi marumaru za kuvunja na yeye hana hata moja ya kutandika. Mwingine atataka kujua ni za tambiko gani. Mwenye nyumba, kama umepanga, atapandisha kodi na kulalamika papo hapo.

Ukielemewa, mkumbuke Simon Rodia. Alikuwa mhamiaji wa Kiitaliano, mtu wa vibarua, aliyeishi Watts, mtaa wa watu wa kawaida jijini Los Angeles. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1954, akitoka kazini, peke yake, bila winchi wala jukwaa la fundi, alisimamisha minara ya chuma na saruji uani kwake akaivika sahani zilizovunjika, chupa, vigae na kombe za baharini. Mrefu kuliko yote una karibu mita 30. Majirani hawakumwelewa, watoto waliirushia mawe. Alipochoka alimwachia jirani kiwanja akahama. Mwaka 1959 wakuu wa jiji walitaka kuibomoa kwa madai kwamba ni hatari, ikaamuliwa ijaribiwe kwanza kwa kuvutwa kwa nguvu ya kilo zaidi ya 4,500. Minara haikutetereka, mtambo wa kuvutia ndio uliosalimu amri. Leo watu wanalipa nauli za ndege kwenda kuitazama. Mzee wetu angempa Rodia pole ya miaka 33.

Mambo hubadilika atakapokuja mgeni kutoka Arusha akapiga picha mbele ya kiboko wako. Wiki hiyo hiyo utaanza kupokea ziara. Yule aliyekuuliza tambiko anataka kitu kama hicho barazani. Mwenye baa anataka kiboko aliyeshika glasi. Familia moja inataka kaburi la babu, na wanaomba babu awekewe ng'ombe wake, wote, kwa idadi. Fundi wa marumaru naye amekuja, amekipima kiwanja chako kwa macho, na kuanzia leo masalia yana bei.

Hapa usifanye haya. Toza kwa mita ya mraba, kamwe usitoze kwa siku, kwa sababu mteja atakaa kwenye kiti kukuhesabia siku na kukukumbusha kila unapokunywa chai. Jicho litozwe peke yake. Sahani za kuvunja zitoke kwake, na azivunje mwenyewe, ili baadaye mkewe akiuliza, usiwepo. Malipo ya awali yawe nusu, mkononi, kabla ya nyundo ya kwanza. Mteja wa serikali za mitaa atakwambia kazi hii ni ya kujitolea kwa maendeleo ya kata. Mjibu kwamba uko tayari kabisa kujitolea, saruji tu ndiyo imekataa. Na yule atakayekuahidi kulipa baada ya kuuza mbaazi, mkumbushe mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na magunia yakalala ndani, kisha muulize mwaka huu kilo moja inanunuliwa shilingi ngapi na nani.